Malhamu ya mitishamba: mafuta huchota nini kwenye jani, na maji huharibu nini

Majani ya mwarobaini ni yale yale, mafuta ya nazi ni yale yale, nta imenunuliwa kwa mtu mmoja. Kopo la nyumba hii hukaa mwaka likiwa zima. La nyumba ya jirani huota ukungu kabla mwezi haujaandama mara mbili. Wengi husema ni mkono wa mpishi. Karibu kila mara kinachozitenganisha nyumba hizo ni maji: yaliyobaki ndani ya jani, yaliyojificha kwenye mafuta, au matone yaliyodondoka kutoka kwenye mfuniko wa sufuria.

Malhamu, au marhamu kama wasomaji wa Biblia walivyoizoea, ni mafuta yaliyogandishwa kwa nta. Mmea huingia kwa kuachia vitu vyake ndani ya mafuta, kisha makapi hutupwa. Kwa kuwa ndani yake hamna maji, bakteria na ukungu hawapati pa kuishi, na ndiyo sababu malhamu haihitaji dawa ya kuzuia kuoza. Losheni ni kitu kingine kabisa: hiyo ni maji na mafuta yaliyolazimishwa kukaa pamoja, na bila kihifadhi cha dukani huharibika ndani ya siku chache. Maelekezo mengi yanayosambazwa huchanganya mambo haya mawili. Mtu anaambiwa atie utomvu wa mshubiri, vijiko viwili vya asali na juisi ya tangawizi ndani ya mafuta na nta. Ute wa mshubiri ni maji kwa zaidi ya asilimia 95. Asali nayo ina maji karibu asilimia 17 hadi 20, na haiyeyuki katika mafuta hata ukikoroga mpaka jioni. Hushuka chini ya kopo na kukaa huko kama shira. Mshubiri ni mzuri ukipakwa mbichi, umekatwa papo hapo. Ndani ya kopo la malhamu ni mbegu ya uozo.

Kila jani lina tabia yake

Swali la kwanza, kabla ya kuwasha jiko, ni kama kile unachokitaka kwenye mmea kinayeyuka katika mafuta. Dawa nyingi za bibi zetu zilikuwa za maji: kuchemsha, kuogea, kujifukiza, kunawia. Mmea uliofanya kazi kwa maji hauwi lazima ufanye kazi kwa mafuta.

Majani ya mpera na maganda ya komamanga ni mfano mzuri. Ule ukakasi unaokaza ulimi ni tanini, na tanini huenda na maji. Ukiyaloweka majani ya mpera kwenye mafuta wiki sita, utapata mafuta yenye rangi ya kijani na harufu kidogo, lakini ukakasi uliokuwa ukiutafuta umebaki kwenye makapi. Majani hayo yachemshe, uoshee. Mimea yenye ute unaoteleza ni hivyo hivyo: ute ni wa maji.

Upande wa pili kuna vitu vinavyopenda mafuta. Harufu kali ya majani na viungo vingi hutokana na mafuta ya mmea wenyewe, basi huingia kwenye mafuta mengine bila shida: karafuu, mdalasini, mkaratusi, kivumbasi, mchaichai. Ukali wa pilipili unatokana na kapsaisini, nayo haipatani na maji. Ndiyo maana mtu aliyeunguzwa na pilipili mikononi akinawa maji matupu haponi, akijipaka mafuta kwanza kisha akaosha kwa sabuni hupata nafuu. Rangi ya bizari ya manjano, yaani kurkumini, huyeyuka kwa shida sana katika maji na kwa wepesi zaidi katika mafuta. Hata hivyo ikumbukwe kwamba malhamu ya manjano hutia kwenye shuka na kanzu doa gumu kutoka.

Mwarobaini uko katikati. Uchungu wake hutokana na vitu kadhaa, baadhi vikienda na maji, baadhi na mafuta. Mafuta yanayokamuliwa kwenye mbegu zake yana nguvu kuliko mafuta yaliyolowekewa majani, na yana harufu nzito inayofanana na kitunguu saumu kilichooza, kwa sababu yana salfa. Mtu asitarajie kopo la majani lifanye kazi ya mafuta ya mbegu. Tena kuna jambo ambalo hupotea likisimuliwa: nchini India, mwaka 1992, ulichapishwa utafiti wa awali wa wagonjwa 814 wa upele waliopakwa mchanganyiko wa mwarobaini na manjano, na asilimia 97 walipona ndani ya siku 3 hadi 15. Kilichotumika ni majani yaliyopondwa pamoja na manjano kuwa uji mzito wa kupaka. Haikuwa malhamu ya nta. Anayeitaja habari hiyo ili kuuza kopo la malhamu anauza kitu tofauti na kilichojaribiwa.

Iko pia mimea isiyofaa kuguswa kabisa, hata kama mzee wa mtaa anaisifu. Utomvu mweupe wa mnyaa, ambao wengine huuita manyara, huunguza ngozi, na ukiingia jichoni unaweza kupofusha. Ndulele ina sumu. Maji na maganda ya ndimu au limau yakikaa kwenye ngozi kisha jua likapiga, hutokea malengelenge na mabaka meusi yanayodumu wiki nyingi. Kitunguu saumu kibichi kikifungwa kwenye ngozi huunguza kama moto, na watoto ndio huumia zaidi.

Kukausha ndiyo nusu ya kazi

Chuma majani asubuhi, umande ukishakauka na jua halijawa kali. Yapangusie vumbi, ukilazimika kuyaosha, yaoshe yakiwa bado kwenye tawi na uyaning'inize yachuruzike. Yatandaze kivulini, safu moja tu, juu ya mkeka au ungo unaopitisha hewa kutoka chini. Jua kali huvukiza harufu na kuyafanya majani kuwa ya rangi ya nyasi kavu. Kinachobaki ni kuni.

Bara, kwenye hewa kavu ya Dodoma au Machakos, siku tatu hadi tano hutosha. Pwani wakati wa masika majani hukataa kukauka: yanaonekana makavu mchana, usiku yanafyonza unyevu tena. Hapo tumia joto dogo, nyuzi 40 hivi, la oveni iliyoachwa mlango wazi kidogo, au weka ungo juu ya jiko ambalo mkaa umekwisha na majivu bado yana uvuguvugu.

Macho hayatoshi kukuambia kama jani limekauka. Pima uzito. Weka majani kwenye mizani ya jikoni leo, andika. Pima kesho, andika. Uzito ukibaki ule ule siku mbili mfululizo, maji yamekwisha. Kwa mwarobaini, gramu 100 za majani mabichi huacha takriban gramu 30. Vikonyo vivunjike kwa mlio, visipinde. Tangawizi, manjano na mizizi mingine ikatwe vipande vyembamba vya milimita 2 au 3 kabla ya kukausha, maana nje hukauka na ndani hubaki na maji.

Likishakauka, jani lipondwe kwenye kinu mpaka liwe chembe kama majani ya chai. Usilisage kuwa unga. Unga hupenya kitambaa, hukaa chini ya kopo kama tope, na tope hilo hufyonza unyevu wa hewani kila unapofungua mfuniko.

Mafuta ya kulowekea

Mafuta ya nazi ndiyo chaguo la kwanza la watu wa mwambao, na sababu si mazoea peke yake. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, mafuta ya aina isiyoharibika upesi na hewa, kwa hiyo hayapati harufu mbaya haraka. Huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, maana yake Dar es Salaam ni maji mchana kutwa na Njombe ni jiwe. Hilo tutalirudia kwenye nta.

Yale ya kupika nyumbani, kwa kukuna nazi, kukamua tui na kuchemsha mpaka mafuta yaelee, yana ladha na harufu isiyo na mfano, lakini mara nyingi yamebaki na maji na chembe za tui. Kabla ya kuyatumia, yapashe kwa moto mdogo kwenye sufuria pana bila mfuniko. Yatalia taratibu na kutoa mapovu madogo. Mlio ukikoma na mapovu yakiisha, maji yameondoka. Yaache yapoe, mimina ya juu, tope la chini waachie wapishi wa wali. Ukinunua sokoni na una shaka, tia kijiko kimoja kwenye kikaango cha moto: yakipasukapasuka, yana maji.

Ufuta ni mzuri sana na watu hawaupi haki yake. Una viambato vya asili vinavyozuia mafuta kuharibika na huingia kwenye ngozi vizuri. Alizeti ya Singida ni rahisi na nyepesi, lakini hupata harufu mbaya mapema. Malhamu yake uitumie ndani ya miezi mitano au sita. Nyonyo ni mazito na yananata, huwekwa sehemu ndogo tu, moja kwa tano, kwa malhamu ya midomo. Hapo tunasema mafuta ya dukani yaliyokamuliwa na kusafishwa: mbegu zenyewe za nyonyo, au mbarika, zina risini, sumu kali, na si za kupondwa nyumbani. Kigoma na mashariki mwa Kongo, mawese mekundu yatakupa malhamu nyekundu inayotia doa kwenye nguo. Mafuta ya mise, yanayotoka kwenye kiini cha mbegu ya mchikichi, yanafanana zaidi na ya nazi na hayatii doa hivyo. Kaskazini mwa Uganda kuna siagi ya shea iliyo laini kuliko ile ya Afrika Magharibi; ni nzuri mno kwa magaga, ila ina ukorofi wake wa kuganda kwa chembechembe kama sukari, na dawa yake iko mbele.

Samli ya ng'ombe imetumika tangu zamani. Inafaa ikiwa imechemshwa mpaka maji yote yametoka, lakini harufu yake huvuta sisimizi na nzi, na haidumu kama ufuta.

Nta

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Tabora na misitu ya miombo inayoizunguka imejulikana kwa nta kwa vizazi, na mtu wa mjini anaweza kuipata kwa wauza asali akiagiza. Nta halisi ina harufu ya asali hata ikiwa baridi. Ukiivunja, sehemu iliyovunjika haing'ai na ina chembe. Ukiitafuna hainati menoni. Iliyochanganywa na nta ya mishumaa haina harufu na kingo zake hupitisha mwanga. Iliyochanganywa na shahamu huacha utelezi vidoleni na harufu ya nyama.

Anayepata masega mwenyewe ayafunge kwenye kitambaa kikuukuu, ayazamishe kwenye sufuria ya maji ya moto yasiyochemka, ayabonyeze kwa mti mpaka nta ielee juu, kisha aache usiku kucha. Asubuhi atapata sahani ya nta ngumu. Uchafu umeshikamana upande wa chini, aukwangue kwa kisu. Tumia maji ya mvua. Maji ya kisima cha pwani yana chokaa, na chokaa huifanya nta kuwa kama sponji iliyobeba maji ndani. Sufuria iwe ya stili au ya enameli. Ya chuma chenye kutu au ya shaba huitia nta giza. Mara ya mwisho iyeyushe bila maji, iache itulie ikiwa ya moto, na mimina taratibu, matone ya maji yaliyobaki yawe chini.

Kiasi cha nta hutegemea unakoishi. Kwa uzito, sehemu 1 ya nta kwa sehemu 5 za mafuta hutoa malhamu inayochoteka kwa kidole. Mombasa, Unguja na Dar wakati wa joto la kaskazi, tia 1 kwa 4, la sivyo kopo litakuwa supu ndani ya mkoba. Iringa, Limuru au Bukavu, 1 kwa 7 hutosha, hata 1 kwa 8 kama mafuta ni ya nazi, maana baridi imekusaidia kugandisha. Kipimo kiwe cha mizani. Kijiko cha nta iliyokunwa kinaweza kuwa gramu 3 au gramu 8, kutegemea umeikunaje na umeishindilia vipi.

Jikoni, mwanzo hadi mwisho

Tuchukue mfano wa malhamu ya mwarobaini kwa ngozi kavu na magaga: gramu 50 za majani makavu yaliyopondwa na mililita 300 za mafuta ya nazi.

Weka majani kwenye bakuli la stili au chupa pana ya kioo, mimina mafuta yafunike majani yote na yazidi kwa upana wa kidole. Tandika kitambaa ndani ya sufuria kubwa, kwenye kitako chake, tia maji nusu, kalisha bakuli juu yake. Mkaa uwe kidogo. Maji yatoe mvuke mwembamba bila kuchemka, mafuta yabaki kati ya nyuzi 45 na 60. Acha saa tatu hadi nne, ukikoroga kila baada ya nusu saa. Bakuli lisifunikwe kwa mfuniko wa bati, maana mvuke utaganda chini yake na kudondokea mafuta. Funika kwa kitambaa chepesi. Harufu ikianza kufanana na kukaanga, umeshaunguza: rangi itakuwa ya kahawia na kilichomo kimeharibika. Usiweke mafuta moja kwa moja juu ya moto hata kwa dakika mbili.

Njia ya pili haitaki moto. Majani na mafuta hukaa kwenye chupa iliyojaa mpaka karibu na mdomo, imefunikwa kwa mfuko wa khaki kuzuia mwanga, mahali penye uvuguvugu, wiki tatu hadi nne, ikitikiswa kila siku. Wiki ya kwanza funga mdomo kwa kitambaa badala ya kifuniko, ili unyevu uliosalia upate njia. Hapa kosa la kukausha halisameheki. Kwenye njia ya moto joto huondoa unyevu kidogo, kwenye njia hii haliondoi.

Chuja kupitia kitambaa cha melikini kilichofuliwa na kukauka kabisa. Kamua kwa nguvu, lakini yale ya mwisho kabisa, yenye mawingu, yaweke kando uyatumie mwilini wiki hiyo hiyo. Acha mafuta yatulie usiku mzima mahali penye joto ili yasigande. Asubuhi mimina polepole na uache kidole kimoja cha chini. Ukiona matone yanayotembea kama zebaki chini ya mafuta, hayo ni maji, usiyaruhusu yapite.

Majani hunywa mafuta, hivyo mililita 300 zitakupa 230 hivi, sawa na gramu 210. Gawa kwa 5: nta gramu 42. Vipashe pamoja katika bakuli lililokaa kwenye maji ya moto mpaka nta iyeyuke yote, ukikoroga kwa kijiko kikavu. Usiondoke. Nta ikishika moto, usiimwagie maji. Funika kwa mfuniko wa chuma na uondoe moto chini yake.

Kabla ya kumimina, jaribu. Chovya kijiko kilichokuwa kwenye friji, au kiweke kijiko chenye matone kwenye sahani iliyo juu ya maji baridi dakika mbili. Ngumu mno? Ongeza mafuta kijiko kimoja. Laini mno? Nta gramu 3 au 4. Marekebisho ya sasa ni ya dakika tano. Baada ya kumimina ni kuyeyusha upya kila kitu. Vikopo viwe vimeoshwa kwa maji ya moto na kukaushwa mpaka ndani kabisa, hasa kwenye nyuzi za mfuniko. Mimina, viache wazi chini ya kitambaa mpaka vipoe kabisa, ndipo ufunge. Kopo lililofungwa likiwa na moto hutoa jasho ndani, na jasho hilo ndilo ukungu wa mwezi ujao. Kiasi hiki hujaza vikopo vitano vya mililita 50.

Kasoro na chanzo chake

Shimo katikati ya kopo hutokea kwa kuwa juu na pembeni huganda mapema, katikati hujivuta. Halina madhara, bakiza vijiko viwili vya malhamu ya moto ujazie. Chembechembe kama semolina hutokana na kupoa polepole, hasa shea: yeyusha tena na uweke vikopo kwenye maji baridi au friji mara tu unapomimina. Matone ya mafuta juu, yanayofanana na jasho, huonekana kopo likihamahama kati ya joto na baridi. Yafute kwa kitambaa, malhamu bado ni nzima.

Ukungu hausameheki. Kuondoa sehemu iliyoota na kutumia iliyobaki ni kujipaka vimelea, kwa kuwa nyuzi zake huwa zimekwishaingia chini. Tupa kopo zima. Harufu ya mafuta ya chipsi yaliyolala ni jambo jingine: mafuta yamechoka kwa hewa, mwanga na joto. Hayo nayo tupa, maana huwasha ngozi. Vitamini E, asilimia nusu ya uzito, yaani gramu moja na robo kwa gramu 250, huchelewesha uchovu huo. Haizuii ukungu hata kidogo, ingawa wengi huitia wakidhani ni kihifadhi.

Mafuta makali ya kunukia

Karafuu inatufundisha kiasi. Zanzibar, kule Wawi, Chake Chake, kuna kiwanda cha mafuta ya makonyo, ambapo vikonyo vya karafuu hupitishwa mvuke na mafuta yake kukusanywa. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli, inayotia ganzi. Ni ile ile inayopoza jino. Lakini tone lake bila kuzimuliwa huunguza ngozi, na kwa malhamu ya kupaka mwilini yasizidi asilimia nusu: kwa gramu 250, mililita moja na robo, kama matone 25. Mkaratusi waweza kufika asilimia 1 au 2. Yatie malhamu ikiwa imeshuka hadi nyuzi 55 hivi, iko karibu kuganda pembeni. Mapema zaidi harufu yote itapaa jikoni.

Njia ya mvuke ina historia nzuri Kakamega, magharibi mwa Kenya. Kikundi cha wakulima cha Muliru hulima aina ya kivumbasi chenye kafuri, Ocimum kilimandscharicum, na kukikeneka, yaani kutoa mafuta yake kwa mvuke, badala ya kukata dawa zao msituni. Mafuta yake huingia kwenye malhamu ya Naturub, na mwaka 2010 kikundi kilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Faida ya kukeneka ni kipimo: mililita ni mililita. Anayeloweka majani nyumbani hajui nguvu ya kopo lake, kwa hiyo aanze na kidogo. Kwa pilipili kichaa kavu, gramu 10 kwa mililita 200 za mafuta ni za kutosha kwa maumivu ya misuli na viungo. Vaa glavu, usipake penye mchubuko, na usioge maji ya moto muda mfupi baadaye, kwani joto huamsha ukali.

Pasipopakwa

Malhamu hufunika. Kwa magaga, viwiko, midomo iliyopasuka na ngozi iliyokaushwa na upepo, kufunika ndiko kunakoponya, kwa kuwa maji ya ngozi hayatoki. Kwa jeraha bichi au la kina, kufunika huko hufungia uchafu na vimelea ndani. Penye kuungua, mafuta huzuia joto kutoka. Hapo ni maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20, na si kitu kingine. Kitovu cha kichanga kisipakwe mafuta yoyote ya nyumbani: pepopunda imeua watoto wengi kupitia mlango huo. Kidonda kwenye mguu wa mwenye kisukari kiende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kikiwa kidogo kama punje ya mtama.

Mtoto chini ya miaka miwili asipakwe mkaratusi wala kafuri karibu na pua. Vinaweza kumbana pumzi. Mafuta ya mbegu za mwarobaini yasiingie kinywani mwa mtoto kabisa, yamewahi kuleta degedege na madhara ya ubongo kwa vichanga waliolishwa. Mama anayenyonyesha asiyapake kifuani.

Malhamu mpya ijaribiwe ndani ya mkono, karibu na kiwiko, kiasi cha punje ya harage, kisha subiri saa 48. Wekundu, mwasho au vipele vikitokea, osha kwa sabuni na kopo hilo lisitumiwe na mtu huyo. Asili ya mmea haizuii mzio. Mdalasini na mchaichai ni kati ya vinavyoongoza kuuleta.

Anayetaka kuuza Tanzania ajue kwamba maneno ya lebo ndiyo yanayoamua ofisi ya kwenda. Mafuta ya kulainisha ngozi ni kipodozi, na tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Ukiandika kwamba yanaponya fangasi au baridi yabisi, umeshaingia kwenye dawa, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya 2002, lina neno nawe.

Kwa matumizi ya nyumbani, bandika karatasi yenye jina la mmea, aina ya mafuta, uwiano wa nta na tarehe. Weka kopo mbali na dirisha na mbali na bafu. Chota kwa kijiko kidogo kikavu. Ya nazi au ufuta itafika mwaka. Ya alizeti inuse tena ikitimiza miezi mitano.